Tukisema "tuanze C" linatoka kelele tupu

SWALI: Mambo vipi, tuko washkaji sita wa darasa moja, tulikuwa na gitaa, besi, drams na mimi naimba, sasa tumeongeza wawili wa bendi ya shule, mmoja tarumbeta mwingine saksafoni ya alto, tunataka kupiga dansi la ukweli lenye sebene. Shida kila tukisema tuanze noti ya C inatoka kelele tupu halafu mpiga gitaa anadai wapulizaji hawajui kitu. Tuwatoe?

JIBU: Msiwatoe jamani! Hapo hakuna asiyejua, ni ala zenyewe zinahesabu tofauti. Tarumbeta ya kawaida ni ya B flati, yani akipuliza C yake masikioni inafika B flati, na C ya alto inafika E flati, kwa hiyo mlikuwa mnapiga noti tatu tofauti kwa jina moja. Gitaa likipiga C, tarumbeta aanzie D na alto aanzie A, jaribuni leo leo mtasikia.

Ila msiishie hapo. Wapiga gitaa wanapenda sana E, na kwenye E huyo wa alto anaangukia C shapu yenye shapu saba (alama za kupandisha noti nusu hatua), kwa kijana anayejifunza hayo ni mateso. Hamieni F, tarumbeta anapata G yenye shapu moja tu, alto D yenye mbili. Mpiga gitaa akibisha mpeni kapo, kile kibanio cha nyuzi, abane freti ya kwanza, vidole vinabaki vilevile vya E na sauti inatoka F. Mimi naona kii, yani noti ya msingi ya wimbo, ichaguliwe kwa kuwaangalia wapulizaji, gitaa ndo lina njia rahisi ya kuhama.

Kabla ya kutyuni, yani kulinganisha sauti za ala, wapulize kwanza ala zipate joto maana ikiwa baridi sauti inakuwa chini. Wa alto akisukuma mdomo wa saksafoni (kipande anachopulizia) ndani sauti inapanda, akiuvuta inashuka.

Halafu wasipulize wimbo mzima, midomo inachoka na wewe hutasikika. Imba mstari wako, nyamaza, wao wajibu kwa kipande kifupi, waanze wote sauti moja kwanza, kikikaa ndo alto ashuke chini ya tarumbeta.

Na umri usiwatishe, Hugh Masekela, yule mpiga tarumbeta wa Afrika Kusini, alipata tarumbeta akiwa na miaka 14, yuko shule, kwa msaada wa padri Trevor Huddleston, na hapohapo shuleni vijana wakaunda Huddleston Jazz Band. Franco naye, mpiga gitaa wa Kongo, bendi yake ya OK Jazz inaanza 1956 alikuwa hajafikisha 18. Mkishaweza F vizuri jaribuni B flati, wapulizaji wataipenda zaidi.