Sukari 6.6 kabla ya chai: nimeshapata kisukari?

SWALI: Shikamoo daktari. Tarehe 14 Novemba, Siku ya Kisukari Duniani, walikuja kupima watu bure mtaani kwetu. Sikuwa nimekula kitu tangu usiku, nikapata 6.6. Nina miaka 46, kilo 80. Jirani anasema nikiacha sembe nikala dona, yameisha. Ni kweli?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Bado hujaambiwa una kisukari, ila umeshafika mlangoni. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, mtu aliyekaa saa 8 au zaidi kwa maji matupu akipata 6.1 hadi 6.9, sukari imeanza kupanda; 7.0 na kuendelea ni kisukari, baada ya kurudiwa siku nyingine. Ukiwa na kiu isiyokatika, kukojoa sana usiku au kukonda, nenda hospitali leo.

Kwanza ihakikishe hiyo namba. Aliyetoka kumenya embe akachomwa kidole bila kunawa, mashine humsomea na sukari ya embe. Rudia kipimo hospitali kwa damu ya mshipa, asubuhi, bila hata chai ya rangi.

Dona ni bora kuliko sembe, kwa kuwa pumba na kiini vimebaki, lakini ni wanga uleule. Ugali wote wa mlo mmoja usizidi ngumi yako. Nusu ya sahani iwe mchicha au matembele, robo inayobaki maharage au samaki.

Tunakuomba sana uangalie chai. Vikombe vitatu kwa siku, vijiko vitatu vya chai kila kimoja, ni gramu 36: zaidi ya kilo ya sukari kwa mwezi, na hiyo ni yako peke yako. Punguza nusu kijiko kila wiki, ulimi utazoea. Asali nayo ni sukari. Embe kula lenyewe, usilikamue juisi.

Kisha tembea dakika 30, siku 5 kwa wiki, mwendo wa kuweza kuongea lakini si kuimba. Msuli unaofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu, na mafuta ya tumboni yanayoizuia insulini, homoni inayoshusha sukari, hupungua. Kwa uzito wako, kushusha kilo 4 hadi 6 kunatosha kuleta tofauti kubwa.

Majibu yakibaki kati ya 6.1 na 6.9, pima tena kila mwaka, hata ukijisikia mzima kabisa.