Treni imelala

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Kitabu gani cha utotoni ungempa mwanao leo?" Jibu nilikuwa nalo mdomoni kabla sijamaliza kusoma swali: bedé, hadithi za katuni. Mpeni mtoto vitabu vya picha, walimu wanung'unike watakavyo. Mwezi uliopita nimetoa kijitabu changu cha kwanza cha mashairi, kurasa 56, nakala 200 (sitini bado ziko chini ya kitanda), na kila anayenipongeza ananiuliza nilisoma washairi gani nikiwa mdogo. Sikusoma hata mmoja. Nilisomewa Tintin, yule kijana mwandishi wa habari wa katuni za Kibelgiji.

Ilikuwa 1989, Kadutu, mtaa wetu wa Bukavu, Kongo. Baba alikuwa mtunza bustani kwa Mzungu mmoja wa Muhumba, mtaa mwingine wa mji huohuo. Yule bwana alipofunga virago alimwachia katoni ya sufuria, na chini ya sufuria kulikuwa na Tintin au Congo, yaani Tintin akiwa Kongo, haina jalada, kurasa zimegandana kwa mafuta. Mimi miaka saba, Kifaransa sijui. Yaya wangu, kaka yangu mkubwa, alikuwa na miaka kumi na minne na anarudia darasa, lakini pale nyumbani ndiye alikuwa msomi wetu. Mvua ikipiga mabati tulilala kifudifudi mkekani, kibatari katikati, yeye anaweka kidole kwenye kila kiputo cha maneno na kunisomea kwa Kiswahili.

Mbwa wa Tintin alikuwa anaongea Mashi, lugha ya kwetu, tena kwa sauti ya nyanya yetu wa Kabare akigombeza mbuzi. Halafu tunafika kwenye treni. Bukavu treni tungeiona wapi? Gari la Tintin limekwama kwenye reli, treni inaligonga, gari zima, treni ndiyo inayoanguka. Abiria wanatoka na hasira, na yaya anawapa maneno: "Mgeni njoo, mwenyeji apone! Sasa umekuja, na treni imelala!" Tintin anawajibu kama padri mgeni kwenye misa yake ya kwanza: "Mimi nataka hii treni nasimama. Ninyi nasukuma!" Nilicheka hadi mama akatishia kuzima kibatari. Kila jioni nilidai ukurasa uleule, na kila jioni abiria walikuwa na maneno mapya, vina vimekaa sawa kuliko jana, mimi napiga mkeka kwa kiganja kuhesabu. Shairi la kwanza kwenye kijitabu changu linaitwa "Treni Imelala". Sasa mnajua limetoka wapi.

Nilikuja kukutana na kitabu hicho kizima nikiwa na miaka kumi na saba, Kifaransa nakijua. Nikaenda moja kwa moja kwenye treni. Tintin anaongea Kifaransa safi. Wanaobabaika ni sisi. Na mbwa wake hana hata neno moja la Mashi. Nikakifunga.

Hergé, Mbelgiji aliyembuni Tintin, alikichora 1930 na 1931 kwa gazeti la watoto la Brussels, na nchi yetu hakuwahi kuikanyaga. Kilipochorwa upya 1946, somo ambalo Tintin aliwafundisha watoto wetu kuhusu "nchi yenu Ubelgiji" likageuzwa kuwa hesabu. Vinywa vyetu vinavyobabaika wakaviacha vilevile. Mwaka 2012 mahakama ya Brussels ilikataa kukipiga marufuku, na sikuumia, maana kukifungia kungekiongezea sifa tu.

Kwa hiyo ningempa binti yangu? Nilipoanza barua hii ningesema ndiyo. Mtaniambia nimpe vya kwetu, Barly Baruti wa Kisangani kwa mfano, na nitampa, ingawa mimi hakunifikia Kadutu. Lakini kile cha mkekani?

Jana nilimpigia yaya simu. Siku hizi anaendesha Fuso kwenda Uvira. Nikamuuliza alikuwa anayapata wapi yale maneno. Akacheka: "Mudogo wangu, Kifaransa nilikijua wapi? Nilikuwa naangalia sura zao, nabahatisha." Basi nikaona mshairi alikuwa yeye, na kitabu kilikuwa kisingizio. Labda hata katalogi ya matrekta ingetosha. Labda, kwa sababu bila ile treni sijui kama angebahatisha vizuri vile.

Nilijaribu jioni ileile. Nilikopa nakala, nikamkalisha binti yangu, nikaweka kidole kwenye kiputo cha abiria, nikasema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone..." Ana miaka tisa, na Kifaransa chake kinanishinda. Akausogeza mkono wangu pembeni: "Papa, hapa haijaandikwa hivyo."