Kitabu cha fani usiyoijua: kukitafuta, kukifikia, kukipima

Wengi wanaoanza kusoma fani mbalimbali huanza kwa kuomba majina ya vitabu. Wanapewa orodha ndefu ya vitabu "vya lazima", cha kwanza kinawashinda kabla ya sura ya tatu, na orodha inaishia hapo. Si uvivu. Orodha ile iliandikwa kwa maswali ya mtu mwingine. Jifunze kwanza namna ya kuifikia rafu, majina yatakuja yenyewe.

Maktaba nyingi duniani bado hupanga vitabu kwa mfumo wa desimali ambao mkutubi Mmarekani Melvil Dewey aliutoa mwaka 1876. Elimu yote imegawanywa mafungu 10: 000 ni kompyuta na maarifa ya jumla, 100 falsafa na saikolojia, 200 dini, 300 jamii, uchumi na sheria, 400 lugha, 500 sayansi asilia na hisabati, 600 tiba, kilimo, uhandisi na mapishi, 700 sanaa na michezo, 800 fasihi, 900 historia na jiografia. Ukikuta herufi badala ya namba, kama Q kwa sayansi au R kwa tiba, upo kwenye maktaba inayofuata mpango wa Maktaba ya Bunge la Marekani. Namba au herufi hizo huandikwa mgongoni mwa kitabu. Zinakili.

Hapa ndipo wageni wanapopotea: namba hufuata fani, haifuati kitu kinachozungumzwa. Chukua maji. Kemia yake iko 546.22. Mito na maziwa ni 551.48. Maji kama rasilimali ya kugawana na kulinda yako 333.91, rafu kadhaa mbali, pamoja na uchumi. Kusafisha na kusambaza maji ya mji ni 628.1, kwa wahandisi. Anayesimama mbele ya rafu moja akaona vitabu vinne huondoka akiamini maktaba haina kitu, kumbe vingine vimemzunguka pande tatu. Hata lugha na fasihi yake hazilali pamoja: Kiswahili kama lugha ni 496.392, fasihi yake ni 896.392. Kwa hiyo kabla ya kusimama rafuni, andika swali lako kwa namna tatu au nne: linavyoulizwa na mwanasayansi, na mwanasheria, na mwanahistoria, na fundi. Kila namna ina rafu yake, na kwa anayetaka kusoma kwa upana, mtawanyiko huo ni neema.

Katalogi ya maktaba iliyo kwenye kompyuta ina mtego wake. Kila kitabu hupewa vichwa vya mada kwa maneno maalumu yaliyokubaliwa, na maneno hayo mara nyingi si yale unayoyatumia wewe. Katika katalogi za Kiingereza, kwa mfano, vitabu vya sinema vimewekwa chini ya Motion pictures. Anayetafuta kwa neno movies peke yake anaweza kuambulia vile tu vyenye neno hilo kwenye jina. Dawa yake ni rahisi. Tafuta kitabu kimoja unachojua kinahusu jambo lako, fungua maelezo yake kamili, shuka hadi kwenye mada, kisha bofya neno lililoandikwa pale. Vitabu vyote vyenye mada hiyo vitajipanga mbele yako. Usitafute kwa ISBN, ile namba ya utambulisho ya kila chapisho la kitabu, isipokuwa unataka chapa fulani hasa, maana jalada gumu, jalada laini na nakala ya kielektroniki kila moja ina ISBN yake, na ukiandika moja zile nyingine zinaweza kukupita.

Njia ninayoiamini kuliko zote ni marejeo ya nyuma ya kitabu. Chukua vitabu vitatu vya utangulizi vya fani moja, vya waandishi tofauti. Fungua marejeo ya kila kimoja na uandike kazi zinazojirudia katika viwili au vyote vitatu. Mara nyingi utabaki na majina machache tu, na hayo ndiyo ambayo watu wa fani wenyewe wanaegemea. Lakini marejeo hutazama nyuma peke yake: kitabu cha 2005 hakiwezi kukutajia cha 2015. Ili kwenda mbele, tafuta jina la kazi ile katika Google Scholar, mtambo wa Google wa kutafuta maandishi ya kitaaluma, na ubofye idadi ya walioinukuu. Utaona walioandika baadaye, wakiwemo wanaoipinga. Hao wanaopinga usiwaruke. Fani ambayo hukusoma ubishi wake ni fani uliyoiona upande mmoja.

Sasa kitabu kiko mkononi. Mpe dakika kumi mwandishi kabla ya kukiazima. Anza na ukurasa wa hakimiliki, ule ambao watu huupita. Toleo na chapa ni vitu viwili: toleo jipya maana yake maandishi yamerekebishwa, chapa mpya maana yake yaleyale yamepigwa tena. Kitabu kilichochapwa 2019 kinaweza kuwa na maneno ya 1988, neno kwa neno. Ukiona mstari wa tarakimu kama 10 9 8 7 6 5 4, ile ndogo kabisa ndiyo namba ya chapa. Hapa ni chapa ya 4. Kikiwa na ISBN ya tarakimu 10 tu, kwa kawaida kilichapwa kabla ya 2007, mwaka zilipoanza rasmi za tarakimu 13. Umri haudhuru fani zote sawa. Cha hisabati cha miaka 40 iliyopita kinaweza kukufaa kabisa, ilhali cha tiba, sheria au kompyuta cha umri huo kisome kama historia.

Baada ya hapo nenda kwenye faharasa. Chagua jambo moja unalolijua vizuri, fungua ukurasa uliotajwa, tazama limeelezwaje. Mwandishi anayekosea unapopajua usimwamini usipopajua. Kisha fungua katikati, si mwanzoni, usome ukurasa mmoja mzima. Sura ya kwanza husuguliwa mno kuliko nyingine, nayo hudanganya kuhusu ugumu. Ukikwama kila sentensi, kitabu si kibaya, umekuja mapema. Kiandike na ushuke ngazi moja. Kwa fani mpya, vitabu viwili vyembamba vya waandishi wasiofanana hufundisha zaidi ya kimoja kinene kinachoachwa njiani.

Bila maktaba ya karibu, vipo vya bure mtandaoni, ila kila hazina ina tabia yake. Project Gutenberg, iliyoanzishwa na Michael Hart mwaka 1971, ina zaidi ya vitabu 70,000, wingi wake vya zamani ambavyo hakimiliki yake imekwisha Marekani: nenda kwa fasihi na falsafa, usiende kwa dawa. OpenStax hutoa vitabu vya kiada vya chuo, vizuri sana kwa fizikia, biolojia, takwimu na uchumi. Directory of Open Access Books hukusanya vitabu vya kitaaluma vilivyoachwa wazi, navyo hufaa baada ya utangulizi, si kabla. WorldCat haikupi kitabu. Inakuonyesha maktaba zenye nakala, nawe unaweza kuomba maktaba yako ikiazime kutoka huko.

Weka daftari, na kwa kila kitabu andika mambo manne: jina na mwandishi, mwaka wa toleo, namba ya rafu, na nani aliyekitaja. Hilo la mwisho ndilo huachwa, nalo ndilo litakalokukumbusha miezi sita baadaye ulikitafutia nini. Na unapokwenda kwa mkutubi, usimwambie "nataka kitabu cha uchumi". Mwambie: "Nataka kuelewa kwa nini bei hupanda, sijasoma uchumi, nina wiki mbili." Swali, kiwango, muda. Kwa hayo matatu atakupeleka hadi rafuni.