Trela au Gari Lenye Malazi?

SWALI: Mimi na mwenzangu tumestaafu na tunataka gari la kusafiria na kulala humo humo. Tununue trela ya kuvutwa au gari zima lenye vitanda na jiko?

JIBU: Yote hutegemea mtakavyosafiri. Mkikusudia kukaa wiki nzima mahali pamoja, trela inawafaa zaidi, kwa kuwa mtaifungua kutoka kwenye gari linaloivuta, muiache kambini na kwenda sokoni kwa gari hilo. Lakini mkihama karibu kila siku, kazi ya kuifunga, kuisawazisha na kuirudisha nyuma itawachosha, na hapo gari zima, hasa lile dogo la umbo la basi, ndilo ningelichagua.

Jambo ambalo wauzaji hulipitia haraka ni uzito. Kwenye kibao cha gari au trela huandikwa uzito wa juu unaoruhusiwa. Toeni uzito wake likiwa tupu, na kinachobaki ndicho mnachoweza kupakia. Tangi la lita 100 likijaa maji limekwisha kula kilo 100, kabla ya nguo, vyombo na mitungi ya gesi. Kwa trela, someni pia kwenye kitabu cha gari litakaloivuta uzito linaoruhusiwa kuvuta, wala msikubali kuambiwa tu kwamba "litaweza".

Kabla ya kulipa, kodisheni la aina hiyo mlale ndani. Mmoja apike huku mwenzake akipita kwenda msalani. Mkigongana kila mara, tafuteni lenye nafasi zaidi.