Blender hadi mota: chaneli za uhuishaji zitokeje bila kuchelewa?

Swali: Habari mtaalamu. Nina mkono wa roboti niliouhuisha kwa Blender (programu ya uhuishaji wa 3D), na nataka pembe za viungo vyake zitoke papo hapo wakati uhuishaji unacheza, ziende kwenye programu yangu ya Python inayoendesha mota. Kwa sasa kila fremu naandika faili la CSV, ile programu inalisoma. Mota zinashtukashtuka, na mara nyingine faili linasomwa likiwa nusu. Nilijaribu TCP (njia ya kutuma data kati ya programu mbili zilizounganishwa), lakini nikifunga programu ya mota, Blender nayo inaganda. Halafu namba ninazopata hazilingani na mkao ninaouona kwenye skrini. Nifanyeje?

Jibu: Nianze na hilo la mwisho, kwa sababu namba zikiwa si zenyewe, hakuna njia ya kuzisafirisha itakayokuokoa.

Ukisoma mkunjo wa chaneli (mstari unaoonyesha thamani moja inavyobadilika kwa muda), au sifa kama `rotation_quaternion` ya mfupa, unapata kilichorekodiwa kwenye fremu kuu, yaani zile ulizoweka mkao mwenyewe. IK (hesabu inayopanga viungo vifuate ncha), vizuizi na fomula huhesabiwa baada ya hapo. Mkono wa roboti kwa kawaida huendeshwa na IK: umehuisha ncha tu, na mifupa ya katikati huenda haina fremu kuu hata moja. Kwa hiyo chukua kitu kilichokwisha kukokotolewa, `evaluated_get(depsgraph)`, kisha usome `matrix` ya kila mfupa kwenye `pose.bones`. Matriki hiyo inahesabiwa kutoka kwenye kiunzi kizima, ilhali mota inataka pembe ya kiungo dhidi ya kiungo kilichotangulia. Zidisha kinyume cha matriki ya mzazi kwa matriki ya mwana, halafu ondoa mkao wa mapumziko, ambao unaukokotoa vivyo hivyo kutokana na `bone.matrix_local`. Matriki inayobaki igeuze kuwa pembe; zitakuwa za radiani.

Kazi hii iwekwe ndani ya `frame_change_post`, ambayo Blender huiita kila fremu inapobadilika na hesabu zake kukamilika. Itie alama ya `@persistent`, la sivyo itatoweka ukifungua faili jingine. Usisome `bpy` (moduli ya Python ya Blender) kutoka kwenye thredi nyingine; Blender haikuundwa kwa hilo, na huanguka bila onyo.

Sasa usafiri. Faili liache kabisa: msomaji hawezi kujua mwandishi amemaliza lini. TCP inahakikisha kila baiti inafika, tena kwa mpangilio, na hapo ndipo tatizo lako lilipo. Soketi yako (mlango wa mawasiliano wa programu) inasubiri, ama iunganishwe upya, ama bafa (hifadhi ya muda) ya upande wa pili ipungue, na wakati huo Blender nzima imesimama nayo. Pembe ya fremu iliyopita haina thamani tena, basi kwa nini uisubiri? Tumia UDP, njia isiyosubiri uthibitisho, kwenda 127.0.0.1, yaani kompyuta hiyohiyo. Mtumaji anatupa pakiti na kuendelea na kazi yake, awepo mpokeaji au asiwepo.

Kila pakiti ibebe hali nzima ya mkono, si mabadiliko tu, ili pakiti moja ikipotea ijayo iwe imerekebisha kila kitu. Kwa chaneli 12, `struct.pack` yenye muundo `<Ifd12f` inatoa baiti 64: namba ya mfululizo, fremu, saa, na pembe zenyewe. Namba ya mfululizo na fremu ni vitu viwili tofauti, tafadhali usiviunganishe. Uhuishaji ukirudia mwanzo, fremu inarudi 1, na mpokeaji anayetupa kila kilicho nyuma atakataa kila kitu kuanzia hapo.

Upande wa mpokeaji kuna mtego unaowanasa wengi. Programu ikisoma pakiti moja kwa kila mzunguko, na mzunguko wake ni wa polepole kuliko Blender, pakiti zinapangana foleni kwenye bafa na mkono unazidi kubaki nyuma. Utadhani mtandao ni mzito, kumbe unasoma data ya zamani. Weka soketi katika hali isiyosubiri, soma mpaka foleni iishe, kisha tumia ya mwisho peke yake.

Mishtuko itabaki kidogo hata hivyo. Kwa fremu 24 kwa sekunde, thamani mpya inakuja kila milisekunde 41.7 hivi, wakati mota za sevo za kawaida hupokea amri kila milisekunde 20. Acha mpokeaji abaki nyuma kwa fremu moja na ajaze nafasi kati ya thamani mbili za mwisho. Ukitumia pembe za kawaida, angalia anapovuka kutoka nyuzi 359 kwenda 1: apite njia fupi. Ukitumia kwatenioni (namba nne zinazoeleza mzunguko), *q* na *−q* ni mzunguko uleule, kwa hiyo geuza alama ya mojawapo endapo zao lao la nukta ni hasi.

OSC, muundo wa ujumbe unaotumiwa na programu za muziki na maonyesho, nayo inafaa. Ilianzia CNMAT, kituo cha utafiti wa muziki cha Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1997, na TouchDesigner (programu ya michoro ya papo hapo) huitoa moja kwa moja kupitia CHOP zake, yaani vipengele vyake vya chaneli. Ichague ikiwa baadaye utaunganisha programu za sauti au taa. Kwa programu zako mbili tu, baiti 64 zinatosha.

Kabla hujawasha umeme wa mota, nakuomba sana uongeze ulinzi kwa mpokeaji, si ndani ya Blender. Mtu akiburuta kielekezi cha muda kutoka fremu 10 hadi 200, pembe zinaruka kwa mara moja, na mkono wa chuma utajaribu kuruka nazo. Weka kikomo cha kasi kwa kila kiungo na mipaka ya pembe zake. Pakiti zisipofika kwa milisekunde 200, mkono ushikilie pale ulipo, na data ikirudi, uifuate taratibu kwa kikomo kilekile cha kasi.