Maswali na Majibu: Filamu za Sayansi na Suala la Ridhaa

Swali: Mimi ni mkufunzi katika chuo cha uuguzi mkoani Dodoma. Ninatafuta filamu ya kuwaonyesha wanafunzi kabla ya somo la maadili ya utafiti, lakini nisingependa ile ambayo daktari mwovu anajulikana tangu dakika ya kwanza. Unapendekeza ipi?

Jibu: Mwalimu, ningeanza na *Miss Evers' Boys*, filamu ya televisheni ya mwaka 1997 iliyoongozwa na Joseph Sargent. Inahusu utafiti ulioendeshwa na Idara ya Afya ya Umma ya Marekani huko Tuskegee, Alabama, kuanzia mwaka 1932 hadi 1972, ambapo wanaume weusi 399 wenye kaswende walifuatiliwa bila kutibiwa, pamoja na wengine 201 wasio na ugonjwa huo waliowekwa kwa ajili ya kulinganisha. Wagonjwa waliambiwa tu kwamba wana "damu mbaya", wakapewa chakula siku za kupimwa na ahadi ya kusaidiwa gharama za mazishi. Kufikia mwaka 1947 penisilini ilikuwa tiba inayokubalika ya kaswende, lakini wao hawakupewa, na hali hiyo iliendelea kwa miaka 25 zaidi.

Itawafaa wanafunzi wako kwa sababu anayebeba mzigo wa hadithi ni muuguzi, tena muuguzi mwema. Evers, anayeigizwa na Alfre Woodard, anawajua wagonjwa wake mmoja mmoja na anawapenda kwa dhati, na ni upendo huohuo unaowafanya wamwamini na kubaki ndani ya utafiti unaowadhuru. Akiondoka, anaona kwamba atakuwa amewatelekeza. Akibaki, anashiriki kuwaficha ukweli. Mmoja wao, Caleb, anapona kwa sababu amejiunga na jeshi, ambako penisilini inatolewa. Ningekuwa wewe, ningesimamisha filamu hapo na kumtaka kila mwanafunzi aandike angefanya nini kesho yake asubuhi angekuwa kwenye viatu vya Evers, kisha ndipo ningeiendeleza.

Tahadhari ni moja. Filamu imetokana na tamthilia ya David Feldshuh, ambaye pia ni daktari, na Evers amebuniwa kutokana na muuguzi halisi aliyeitwa Eunice Rivers. Kwa kumweka yeye na daktari mweusi wa Tuskegee mbele kiasi kile, filamu inawaacha kivulini maofisa wa serikali waliobuni utafiti wenyewe na kuufadhili. Wahistoria wameilaumu kwa jambo hilo, nami nakubaliana nao. Kwa hiyo wape wanafunzi historia yenyewe waisome kandokando ya filamu, ikiwemo radhi aliyoiomba Rais Clinton tarehe 16 Mei 1997.

Swali: Nilipotazama *The Constant Gardener* nilishtuka kuiona Kibera yetu. Je, dawa ile ilijaribiwa kweli kwa Wakenya? — Msomaji wa Nairobi

Jibu: Hapana. Dawa ya Dypraxa, ambayo katika filamu inajaribiwa kwa wagonjwa maskini wa Kenya, na kampuni zinazoitengeneza zimebuniwa, na kisa kimetoka katika riwaya ya John le Carré ya mwaka 2001. Kilicho halisi ni mahali: mwongozaji Fernando Meirelles alipiga picha Kibera kwenyewe na pia Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, na filamu ikatoka mwaka 2005.

Tukio ambalo watu wengi hulitaja pamoja na filamu hiyo lilitokea Kano, Nigeria, mwaka 1996, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo. Kampuni ya Pfizer iliijaribu dawa ya Trovan katika utafiti uliohusisha watoto wapatao 200, nusu yao wakipewa dawa nyingine ya kulinganisha. Watoto 11 walifariki, kutoka makundi yote mawili. Kampuni ilishikilia kwamba kilichowaua ni ugonjwa na kwamba wazazi walikuwa wamekubali kwa mdomo. Familia zilisema hazikuelezwa kwamba watoto wao walikuwa ndani ya majaribio. Mwaka 2009 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 75 katika mapatano na Jimbo la Kano, bila kukiri kosa.

Kwa maoni yangu filamu hii ni nzuri zaidi kama kisa cha upelelezi kuliko kama kisa cha maadili. Jambo lake zito kuliko yote linapita haraka: wagonjwa wanaonekana kuridhia majaribio, lakini anayekataa hukosa matibabu mengine pia. Mfa maji hukamata maji. Je, saini ya mtu wa namna hiyo ni ridhaa? Filamu inaligusa swali hilo, kisha inakimbilia mauaji na njama za mabalozi. Rachel Weisz alipata Oscar kwa uigizaji wake, naye alistahili, ila wagonjwa wenyewe hatuwasikii wakizungumza vya kutosha.

Swali: *Oppenheimer* ina saa tatu nzima, na sikusikia Katanga ikitajwa hata mara moja. Ni mimi niliyesinzia? — Msomaji wa Lubumbashi

Jibu: Hukusinzia. Filamu hiyo ya Christopher Nolan ya mwaka 2023, kuhusu mwanafizikia aliyeongoza utengenezaji wa bomu la atomiki la Marekani, inaonyesha gololi zikitiwa kwenye vyombo vya kioo kadiri urani na plutoniamu zinavyopatikana, lakini haisemi urani hiyo ilichimbwa wapi. Sehemu kubwa ya ile iliyotumika katika bomu la Hiroshima ilitoka Shinkolobwe, huko Katanga nchini Kongo, kwenye mgodi wa kampuni ya Kibelgiji ya Union Minière, ambayo ilikuwa imekwisha kusafirisha zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo hadi New York mwaka 1940. Atakayeitetea filamu atasema kwamba inatazama kwa macho ya Oppenheimer peke yake, ndiyo maana hata Hiroshima haionyeshwi. Utetezi huo una nguvu kwa Hiroshima, kwa kuwa tunamwona mwenyewe akikwepa kutazama picha za waathirika. Kwa wachimbaji wa Katanga, hakuna hata picha ya kukwepa.

Swali: Kijana wangu wa miaka 15 anasema *Gattaca* ni ndoto tu za mwaka 1997. Nimjibu nini?

Jibu: Filamu hiyo inahusu jamii ambamo wazazi huchagua vinasaba vya watoto wao kabla hawajazaliwa. Mwambie kwamba Novemba 2018 mwanasayansi wa China, He Jiankui, alitangaza kuzaliwa kwa mabinti pacha ambao vinasaba vyao alivibadilisha wakiwa viinitete, na kwamba mwaka uliofuata mahakama ilimhukumu kifungo cha miaka mitatu. Wazazi waliridhia, mabinti hawakuwa na wa kuwauliza. Kisha mrudishe kwenye sehemu ambayo wazazi wa Vincent, mhusika mkuu aliyezaliwa bila kuchaguliwa vinasaba, wakimchagulia mdogo wake sifa, wanamuuliza mtaalamu kama si vyema baadhi ya mambo yakaachiwa bahati, naye anawajibu kwa upole kabisa.