Jamii, jumuiya au jamaa?

SWALI: Nasoma sosholojia, mwaka wa kwanza. Mhadhiri ametafsiri neno la Kijerumani Gemeinschaft, la mwanasosholojia Tönnies, kuwa "jumuiya" na Gesellschaft kuwa "jamii". Mwenzangu anashikilia kuwa ni kinyume chake. Nani yuko sahihi?

JIBU: Mhadhiri wako ana wengi upande wake, mwenzako ana asili ya neno. Mimi "jumuiya" nisingeiandika hapo bila kuieleza.

Ferdinand Tönnies, mtoto wa mkulima kutoka Schleswig, kaskazini mwa Ujerumani ya leo, alitoa kitabu chenye jina la maneno hayo mawili mwaka 1887. Gemeinschaft ni mfungamano wa damu, ujirani na mazoea: msiba ukitokea unakwenda, husubiri barua. Gesellschaft ni wa hesabu na mkataba: mwenye kiwanda na kibarua, kila mtu akitazama chake. Wale wa kwanza ni wamoja hata wakitengana. Hawa wa pili wametengana hata wakikaa pamoja.

Sasa yapime maneno yetu. Jamii, jumuiya, jamaa, hata Ijumaa, yote ni ya mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kukusanya. (Jumla isikudanganye, ina mzizi wake.) Lakini jam'iyya ya Kiarabu ni chama, watu waliojiunga kwa kusudi, na maana hiyo bado tunayo. Jumuiya ya Afrika Mashariki imesimama juu ya mkataba uliotiwa saini Arusha mwaka 1999. Nchi huomba kujiunga na hutoa michango. Hapo ni Gesellschaft tupu. Ila Mkatoliki akisema "leo tuna jumuiya", anawazungumzia majirani wanaosali nyumbani kwa mmoja wao, na neno lilelile limeshahamia Gemeinschaft. "Jamii" nayo haitulii: jamii ya wafugaji ni ipi kati ya hizo mbili?

Neno lililostahili ni ujamaa. Jamaa ni mtu wa kwenu, humwandikishi mkataba. Tatizo ni kwamba tangu Nyerere alipolichukua mwaka 1962, akianzia palepale kwenye udugu wa familia, neno limekuwa la siasa. Ukiandika "ujamaa wa Tönnies", msomaji wa Tanzania ataona vijiji vya miaka ya 1970.

Kwenye mtihani fuata istilahi za darasani. Katika tafsiri yako mwenyewe, jaribu "mfungamano wa kijamaa" na "mfungamano wa kimkataba". Ni marefu, lakini hayamchanganyi mtu.

Ukifika kwa Durkheim, mwanasosholojia wa Kifaransa, angalia vivumishi. Mwaka 1893 mshikamano wa kale aliuita "wa kimekanika", yaani wa kimashine, na ule wa kisasa "wa kioganiki", yaani kama wa viungo vya mwili. Tönnies alikuwa amesema kinyume: kwake Gemeinschaft ndiyo yenye uhai kama kiumbe, na Gesellschaft ndiyo mashine. Vivumishi vya mmoja usimvike mwenzake.